Likizo ya uzazi: siku 84, na nani anayezilipia

Kuna swali ambalo wanawake wengi waliowahi kufanya usaili wa kazi Dar es Salaam wanalifahamu. Huja kwa sura tofauti. "Umeolewa?" "Una watoto?" "Wa mwisho ana umri gani?" Mara nyingine anayeuliza ni mwanamke mwenzako, tena kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka tu mfahamiane. Sheria inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ujauzito au hali ya ndoa, na yeye anajua hivyo. Anauliza kwa sababu kichwani mwake kuna hesabu: huyu tukimchukua leo, mwakani akashika mimba, nani atalipa?

Kwa miaka mingi nilikuwa namkasirikia muulizaji. Siku hizi nakasirikia ile hesabu, maana ndiyo inayomtuma. Mjadala wetu wa likizo ya uzazi umekaa sana kwenye idadi ya siku: ziongezwe au zibaki, Kenya wanapata ngapi, Ulaya wanapata ngapi. Idadi ni jambo kubwa na nitaifikia. Ila mtu akishajua siku ni ngapi, bado hajajua hela inatoka mfuko wa nani, na hapo ndipo mengi yanapokwama.

Sheria inasemaje

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84. Akijifungua mapacha, siku 100. Anatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Likizo anaweza kuianza wiki nne kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi daktari akiona afya ya mama au ya mtoto inahitaji. Akishajifungua, haruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki sita za mwanzo mpaka daktari athibitishe kwamba anaweza. Akirudi, ana haki ya hadi saa mbili kila siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya kunyonyesha. Na kama Mungu amemchukua mtoto kabla hajatimiza mwaka, mama anastahili siku 84 nyingine.

Kuna masharti ambayo watu huyajua wakiwa tayari wameshakwama. Haki hii inahesabiwa kwa mzunguko wa miezi 36, kwa hiyo waliojaliwa watoto wa kufuatana haraka hujikuta wa pili hana likizo ya malipo. Mwajiri analazimika kulipia likizo nne tu. Na mwenye utumishi wa chini ya miezi sita kwa kawaida hahesabiwi, jambo linalowaumiza walio kwenye mikataba mifupi mifupi.

Mwaka 2025 yalianza kutumika marekebisho yanayomkumbuka mama wa mtoto njiti. Hili lilichelewa sana. Mtoto akizaliwa na wiki 30, mama anakaa naye wodini amembeba kifuani kwa njia ya kangaruu, wiki baada ya wiki, huku kalenda ya ofisini inakula siku zake. Wengine walirudi kazini karibu na wakati ambao mtoto alitakiwa ndiyo kwanza azaliwe. Sasa likizo ya mama huyo inarefushwa kufidia wakati ambao mtoto alipaswa kuwa bado tumboni.

Baba ana siku tatu. Anatakiwa azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe.

Ukilinganisha na majirani, Kenya wanatoa miezi mitatu kwa mama kwa mshahara kamili na wiki mbili kwa baba, kwa Sheria ya Ajira ya 2007. Kabla ya hapo mama wa Kenya alikuwa anapata miezi miwili, na akiichukua anapoteza likizo yake ya mwaka, kana kwamba alikwenda kupumzika. Tangu 2021 Kenya wana pia likizo ya mwezi mmoja kwa anayeasili mtoto. Uganda ni siku 60 za kazi kwa mama na nne kwa baba. Rwanda walifika wiki 14 mwaka 2023, na baba akatoka siku nne hadi saba. Wiki 14 ndicho kiwango cha chini kilichowekwa na Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000, na pendekezo linaloambatana nao linataka nchi zijitahidi kufika wiki 18. Siku zetu 84 ni wiki 12.

Walio na ndugu Marekani watashangaa kidogo. Sheria ya nchi nzima kule, ya mwaka 1993, inatoa wiki 12 bila malipo yoyote, tena kwa kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi. Dada wa rafiki yangu aliyeko huko aliniambia alirudi kazini mtoto akiwa na wiki tano kwa sababu kodi ya nyumba haikungoja. Ndiyo maana neno "yenye malipo" lina uzito kuliko neno "likizo". Likizo isiyo na mshahara huichukua mwenye akiba, na asiye na akiba ndiye anayeihitaji zaidi.

Arobaini, na kalenda ya chanjo

Pwani mzazi hakutoka nje kabla ya arobaini. Alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa khanga, akanywa uji wa pilipili manga. Kilimanjaro alipikiwa mtori. Kulikuwa na mtu wa kufua, mtu wa kupika, mtu wa kumbeba mtoto usiku. Tukiitazama vizuri, hiyo ilikuwa likizo, na ilikuwa na mlipaji: nyumba nzima ilibeba kazi za mtu mmoja kwa siku 40. Wazee wetu hawakuiita haki wala sheria. Walijua tu kwamba mwili uliotoka kuzaa haujarudi mahali pake, na kwamba homa, kutokwa damu na kukosa usingizi vinaweza kumchukua mama ambaye jana alikuwa anacheka.

Hospitali nazo huweka hudhurio la baada ya kujifungua kwenye wiki ya sita, muda ambao mfuko wa uzazi huchukua kurudi kwenye ukubwa wake. Arobaini na wiki sita zimepishana siku mbili tu.

Kilichobadilika ni nyumba. Mimi na mume wangu tulikuwa tunaishi chumba na sebule Mbagala. Mama yangu alikuja, akakaa wiki tatu, akaondoka, kwa sababu na yeye ana shamba na ana wajukuu wengine. Nyumba nzima iliyokuwa inabeba arobaini ikawa ni mimi, mume wangu anayeondoka saa kumi na moja alfajiri, na redio.

Sasa hizo siku 84 zipange kwenye kalenda. Mama akianza likizo wiki nne kabla, kama wengi wanavyofanya kwa sababu miguu imevimba na daladala haina huruma, anarudi kazini mtoto akiwa na wiki nane. Chanjo za mtoto kwetu, baada ya zile za kuzaliwa, ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Maana yake mama anaomba ruhusa ya chanjo mara mbili ndani ya miezi miwili ya mwanzo tangu arudi, na wapo wanaoona aibu ya kuomba tena, wakairuka moja. Ushauri wa wizara na wa Shirika la Afya Duniani ni mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila maji wala uji. Miezi sita ni siku 180 na kitu. Kliniki inamwambia mama kitu kimoja, barua ya mwajiri inamwambia kingine, na zote mbili zimetoka nchi moja.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu asiyepitia anaweza kudhani maziwa ni suala la kujipanga tu.

Mtoto mchanga hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Matiti hutengeneza maziwa kadiri yanavyonyonywa. Yakikaa yamejaa, mwili unachukulia kwamba hayahitajiki, unapunguza. Kwa hiyo mama anayekaa ofisini saa tisa bila kunyonyesha wala kukamua hapotezi maziwa ya siku hiyo pekee, anajipunguzia na ya kesho. Mimi nilirudi mwanangu akiwa na wiki tisa. Ofisi ilikuwa nzuri kwa mengi, ila sehemu ya kukamulia haikuwepo. Nilitumia stoo ya karatasi. Mlango haukuwa na komeo, kwa hiyo mwenzangu alikuwa anasimama nje ameuegemea huku anajifanya anaongea na simu. Nilikamulia kwenye kikombe cha plastiki chenye mfuniko, nakifunga kwa kitambaa, nakiweka friji ya chai nyuma ya soda. Wiki ya kwanza nilikuwa nakijaza kikombe kwa mara moja. Mwezi ulipoisha nilikuwa nakamua mara mbili ndipo kifike nusu. Siku ambayo kikao kilirefuka hadi saa tisa, blauzi ililowa mbele ya watu, nikashika faili kifuani mpaka mwisho.

Saa mbili za kunyonyesha nilikuwa nazo, kisheria. Lakini kutoka Posta hadi Mbagala na kurudi, kwa foleni ile, saa mbili zinaishia barabarani kabla hujambeba mtoto. Wengi wetu tulizigeuza kuwa ruhusa ya kuondoka mapema, na hiyo ilisaidia, ila mchana wote mtoto alikuwa anapewa maziwa ya kopo na maji. Sheria yetu imetoa muda bila kutaja mahali. Kenya, kwenye Sheria ya Afya ya 2017, walimtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia. Chumba chenye komeo, kiti, soketi na friji ndogo kingekuwa na faida kwangu kuliko wiki mbili za ziada, na nasema hivyo nikiwa nazitaka hizo wiki mbili pia.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walichapisha utafiti uliolinganisha nchi 20 za kipato cha chini na cha kati, nyingine zikiwa zimerefusha likizo ya uzazi na nyingine hazikuirefusha. Waliona kwamba kila mwezi mmoja wa likizo yenye malipo ulioongezwa uliambatana na kupungua kwa vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 13 hivi. Utafiti wa namna hii hauoneshi njia yote kutoka likizo hadi uhai wa mtoto, ila aliyewahi kuruka chanjo kwa kuogopa kuomba ruhusa anaweza kukisia sehemu ya njia hiyo.

Siku tatu za baba

Mama akijifungua kwa upasuaji, mara nyingi hulazwa siku mbili tatu. Hesabu ya haraka: baba anamaliza likizo yake siku ambayo mkewe anaruhusiwa kutoka wodini. Siku tatu zote kazitumia kwenye korido, kununua dawa, kuleta supu, kutafuta mtu wa kuchangia damu. Anayerudi nyumbani na mshono tumboni, asiyetakiwa hata kuinua ndoo, anamkuta mume kesharejea kazini.

Waswahili walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Sheria zetu za Afrika Mashariki zimeigawa kazi hiyo kwa mama karibu yote. Nayajua maneno yanayosemwa: ukimpa mwanaume wiki mbili atakwenda kijiweni. Wapo watakaokwenda. Lakini nimemwona mume wangu akijifunza kumwogesha mtoto kwa mkono mmoja chini ya shingo, kwa sababu kwa bahati alikuwa na siku za likizo ya mwaka akaziunganisha. Ujuzi ule hakuupata baadaye, aliupata wiki ile. Mtoto wa pili alipokuja hakuhitaji kuambiwa.

Likizo ya baba ina kazi nyingine ambayo haisemwi sana. Ikiwa wanaume nao wanakaa nje ya ofisi wiki kadhaa wanapopata mtoto, lile swali la kwenye usaili linaanza kupoteza maana. Huwezi kumkwepa mwanamke kijana kwa kuogopa likizo kama kijana wa kiume aliyekaa kiti cha pili naye ataichukua.

Hesabu ya duka la dawa

Turudi kwa mlipaji. Kwetu anayelipa mshahara wa likizo ya uzazi ni mwajiri. Serikali kwa watumishi wake, benki kubwa kwa wafanyakazi wake, na duka la dawa la watu wanne kwa mmoja wao. Sheria haitofautishi.

Chukulia duka hilo la dawa. Muuzaji analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Kwa siku 84 mwenye duka anatakiwa amlipe 1,120,000 akiwa nyumbani. Lakini kaunta haiwezi kukaa tupu, kwa hiyo anatafuta mtu wa kushikilia, naye anataka hivyo hivyo. Kazi iliyokuwa inamgharimu 1,120,000 sasa inamgharimu 2,240,000. Benki yenye wafanyakazi 2,000 haisikii kitu. Mwenye duka anasikia, na mwakani akitafuta mfanyakazi atamtafuta wa kiume, au mama aliyekwisha kuzaa wote. Hatasema hivyo. Atasema tu kwamba yule mwingine alijieleza vizuri zaidi.

Kwa hiyo kila tunapodai siku ziongezwe bila kugusa mlipaji, tunamwongezea huyu sababu ya kutotuajiri. Waliotunga ule Mkataba namba 183 waliliona hili: walielekeza kwamba malipo ya likizo ya uzazi yatoke kwenye bima ya lazima ya hifadhi ya jamii au fedha za umma, na mwajiri mmoja mmoja asibebeshwe gharama hiyo peke yake.

Kwetu mfuko upo, ila umewekwa upande mwingine. NSSF ina mafao ya uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya michango, na nasikitika kwamba wanawake wengi niliozungumza nao hawajawahi kuyadai kwa kutojua. Kama unachangia na unatarajia, nenda ofisi yao na kadi ya kliniki mapema. Lakini mafao hayo huenda kwa mama, juu ya mshahara wake. Hayamwondolei mwenye duka la dawa hata shilingi. Mama anafurahi, na hesabu ya kwenye usaili inabaki vilevile.

Rwanda walipitia njia ambayo inafaa tuiangalie kwa karibu. Kwa sheria yao ya kazi ya 2009, mama alikuwa na wiki sita kwa mshahara kamili. Wiki sita zilizofuata alichagua: arudi kazini, au abaki nyumbani kwa asilimia 20 ya mshahara. Unaweza kukisia wengi walichagua nini. Mwaka 2016 wakatunga sheria ya mfuko wa likizo ya uzazi. Kila mwajiriwa, mwanamke na mwanaume, mzee na kijana, anakatwa asilimia 0.3 ya mshahara, na mwajiri anaongeza 0.3. Mfuko uko chini ya bodi yao ya hifadhi ya jamii, RSSB. Mwajiri anabeba wiki sita za mwanzo, zinazobaki zinabebwa na mfuko.

Asilimia 0.6 ni nini? Kwa yule muuzaji wa 400,000 ni shilingi 2,400 kwa mwezi: 1,200 zake, 1,200 za mwenye duka. Kwa mwaka, 28,800. Watu 20 wa mshahara kama huo wakichanga mwaka mzima inapatikana 576,000. Mshahara wa wiki sita wa mmoja wao ni 560,000. Yaani kati ya watu 20, akijifungua mmoja kwa mwaka, mchango unatosha na chenji inabaki.

Sisi ni watu wa kikoba na upatu. Tunachangia harusi mpaka kadi inatengenezwa ya kumkumbusha ambaye hajatoa. Tuna vikundi vya kufa na kuzikana vyenye daftari, mweka hazina na faini. Mtu akifiwa hatusemi "mfiwa ajitegemee, alikuwa na uhuru wa kuchagua ndugu zake". Sioni kwa nini kuzaliwa kwa mtoto, kwa aliyeajiriwa, kuachwe kwa mtu mmoja aliyemlipa mshahara mwezi huo.

Na chombo cha namna hiyo tunacho kwenye jambo lingine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza mwaka 2015. Zamani mfanyakazi akikatwa kidole na mashine, alikuwa na mwajiri wake tu wa kumdai, na mwajiri mdogo alikuwa hana. Sasa waajiri wote wanachangia, kiwango kikiwa asilimia 0.5 ya mishahara, na anayeumia analipwa na mfuko. Mchango wa sekta binafsi ulianza ukiwa asilimia 1, ukashushwa mwaka 2021 na tena 2022. Hakuna leo anayesema kiwanda kisiajiri watu kwa sababu wana vidole.

Waajiri wana hoja, na si ya kupuuza. Makato tayari ni mengi: asilimia 20 ya hifadhi ya jamii kwa pande zote mbili, tozo ya ujuzi, WCF yenyewe. Wanaogopa mfuko mwingine wenye ofisi nyingine, magari mengine, na fomu za kufuatilia miezi sita. Hofu ya fomu naielewa, mimi mwenyewe nimewahi kusota kwenye benchi la ofisi ya mafao. Jibu langu ni kwamba hapahitajiki ofisi mpya. Mafao ya uzazi yapo ndani ya mifuko iliyopo. Yaunganishwe na mshahara wa likizo, ili mfuko umlipe mama sehemu kubwa na mwajiri amalizie, kisha siku ziongezwe kufika wiki 14. Mwenye duka la dawa atalipa 1,200 kila mwezi kwa kila mtu, mwanamke awepo au asiwepo. Akitafuta mfanyakazi mwakani, uzazi hautakuwa na bei kubwa kwenye karatasi yake.

Mpaka hapo pafike, aliyeachishwa kazi kwa sababu ya mimba ana pa kwenda. Sheria inahesabu hilo kuwa uachishaji usio halali. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na muda ni siku 30 tangu kuachishwa. Siku 30 kwa mjamzito aliyepoteza kazi hupita kama upepo. Andika tarehe, tunza barua, nenda.

Wasio na barua ya likizo

Yote niliyoyasema yanawahusu walioajiriwa, na walioajiriwa kwa mkataba ni wachache miongoni mwa mama zetu.

Yupo dada wa kazi. Mimi niliweza kurudi ofisini wiki ya tisa kwa sababu binti wa miaka 20 alibaki na mwanangu. Kisheria ni mwajiriwa kama mimi, siku 84 ni zake kama zangu. Katika nyumba ninazozijua, dada akishika mimba hupewa nauli ya kurudi kwao. Sijawahi kusikia aliyepewa likizo. Naandika hili nikijua kwamba mkataba wa dada wangu wa kwanza ulikuwa wa mdomo, na mimi ndiye nilikuwa mwajiri.

Na yupo anayejiajiri, ambaye hana hata wa kumdai. Kwa huyu mchango wa mshahara haufanyi kazi, kwa sababu hakuna mshahara wa kukata. India, tangu 2017, serikali inamlipa mama rupia 5,000 kwa mtoto wa kwanza, kwa awamu, akionesha amehudhuria kliniki. Sisi tuna TASAF, ambayo kwa miaka imekuwa ikifikisha ruzuku kwa kaya maskini na kuangalia kama watoto wanapelekwa kliniki. Tuna simu zenye hela ndani mpaka vijijini. Tuna kadi ya kliniki ambayo karibu kila mjamzito anayo. Vitu vitatu hivyo vikikaa meza moja, mama wa genge anaweza kutumiwa kitu kwenye simu mwezi anaojifungua, bila kuulizwa barua ya mwajiri. Hela hiyo haitatoka kwenye makato ya mtu, itatoka kwenye kodi, na kodi tunalipa wote, hata yeye, kila anaponunua sukari na vocha.

Kona ya mtaa wetu kuna mama lishe anayepika chapati na maharage kwa vijana wa bodaboda. Alipojifungua mtoto wa tatu, kikoba chao cha wanawake 15 kilimchangia 2,000 kila mmoja. Shilingi 30,000. Banda analipia 50,000 kwa mwezi, apike asipike. Nilipita asubuhi moja nikielekea kituoni nikaona moshi, nikajua amerudi. Mtoto alikuwa na siku 19. Alikuwa amelazwa kwenye beseni lililotandikwa khanga mbili, upande ambao moshi hauelekei. Nikanunua chapati mbili. Alinirudishia chenji, akamwinua mtoto akamweka kwenye ziwa, akaketi kwenye kigoda, na kwa mkono uliobaki akageuza ile ya tatu iliyokuwa kwenye kikaango.